Kusoma Wino Mwekundu katika Miswada ya Zama za Kati: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Anayefungua muswada wa Zama za Kati kwa mara ya kwanza, awe mbele ya kompyuta au katika chumba cha kusomea cha maktaba, huvutwa na picha kama zipo, kisha hukwama kwenye maandishi meusi ambayo hawezi kuyasoma. Wino mwekundu huuona, huufurahia kama pambo, na kuupita. Mwongozo huu unashauri kuanza na wekundu huo huo, kabla ya kuhangaika na herufi nyeusi hata moja. Katika sehemu kubwa ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono Ulaya kati ya karne ya 8 na ya 15, maneno mekundu ni sauti ya mtengenezaji wa kitabu akimwelekeza msomaji: hapa panaanza sala fulani, hapa simama, hapa itikia, siku hii ni kubwa kuliko jirani zake. Mtu mwenye Kilatini kidogo tu, akifuata nyekundu peke yake, anaweza kujua kitabu ni cha aina gani, kilikusudiwa kutumika mji gani, na mara chache hata nani alikikamilisha na lini.

Desturi yenyewe ni ya kale kuliko Ukristo. Waandishi wa Misri ya kale waliweka vichwa vya habari kwa wekundu kwenye mafunjo yao, na mafunjo ya hesabu ya Rhind, yaliyonakiliwa karibu mwaka 1550 KK, ni mfano mzuri wa jambo hilo. Warumi waliirithi, na wamonaki wa Ulaya wakaifanya kuwa taratibu ya kudumu.

Hatua ya kwanza: chagua kitabu kinachofundisha

Usianze na muswada wowote unaokujia. Anza na Kitabu cha Saa kutoka Ufaransa, cha karne ya 15, yaani kitabu cha sala cha walei chenye kalenda mwanzoni, Saa za Bikira Maria (sala za kusaliwa kwa vipindi maalumu vya siku) katikati, na zaburi za toba, litania na Sala za Marehemu baadaye. Vitabu hivi vilitengenezwa kwa wingi mno, vimepigwa picha vizuri, na nyekundu yake hufuata mpango unaotabirika. Vinapatikana bila malipo katika Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, e-codices ya Uswisi, DigiVatLib ya Vatikani na Digital Bodleian ya Oxford. Fungua kurasa mbili zinazotazamana kwa pamoja, usivute picha karibu kwanza. Tazama wekundu uko wapi kwenye ukurasa: juu, pembeni, mwanzoni mwa mistari, au katikati ya sentensi. Mpangilio huo utakuambia mengi hata kabla ya neno la kwanza.

Ukibahatika kukaa na muswada wenyewe, fuata masharti ya maktaba: penseli tu, wino wowote marufuku, kitabu kikae juu ya mito yake. Usiguse sehemu nyekundu kabisa. Rangi hizo aghalabu zina zebaki au risasi, na kidole kinachopita juu yake hukwangua chembe ambazo hazitarudi. Kwa sababu hiyo hiyo, kulamba kidole ili kufunua jani ni jambo baya kwa kitabu na kwa mwili wako.

Hatua ya pili: elewa nani alitia wekundu, na lini

Katika karakana nyingi, mnakili aliandika matini nyeusi kwanza, kwa kitita kizima cha ngozi, akiacha nafasi tupu mahali ambapo pangehitajika kichwa au herufi kubwa. Baadaye yeye mwenyewe, au mtu mwingine ambaye hapa tutamwita mtia wekundu, alirudi na kalamu yake ya unyoya na kujaza. Ili asikosee, mnakili alimwachia vidokezo: herufi ndogo sana ndani ya nafasi tupu kumwonyesha ni herufi gani ya kupaka, na maneno ya kichwa kwa mwandiko mdogo ukingoni kabisa mwa jani, yakitarajiwa kukatwa wakati wa kujalidi.

Mpango huu wa kazi ndio unaoeleza mambo mengi ya ajabu utakayoyaona. Kichwa chekundu kinaweza kuanza mwishoni mwa mstari mweusi, kikashuka mstari wa pili kwa maneno mawili, wa tatu kwa neno moja, kikabanwa dhidi ya ukingo; hiyo ni dalili kwamba mnakili hakuacha nafasi ya kutosha na mtia wekundu alilazimika kujisokomeza. Mahali pengine nafasi imeachwa na haikujazwa kamwe, na herufi ndogo ya kuelekeza bado inamsubiri mtu asiyefika. Pengine herufi iliyopakwa siyo, na neno zima limebadilika maana. Kila unapokuta kasoro ya namna hii, iandike. Ni ushahidi wa jinsi kazi ilivyogawanywa.

Ushahidi bora kuliko wote ninaoujua unatoka kwenye kitabu ambacho matini yake nyeusi haikuandikwa kwa mkono. Johannes Gutenberg alipochapa Biblia yake ya mistari 42 huko Mainz, karibu mwaka 1455, alijaribu kuchapa vichwa vyekundu kwenye kurasa chache za mwanzo, kisha akaacha, kwa kuwa kila ukurasa ulihitaji kupita mashineni mara mbili. Badala yake alichapa orodha ya vichwa vyote ili mtia wekundu ainakili kwa mkono. Orodha hiyo imesalia pamoja na nakala mbili tu za Biblia hiyo, moja Munich na nyingine Vienna. Nakala moja ya karatasi iliyoko Paris ina maandishi ya Heinrich Cremer, padre msaidizi wa kanisa moja la Mainz, akieleza kwamba yeye ndiye aliyeitia rangi na kuijalidi, na kwamba alimaliza mwezi Agosti 1456. Tarehe mbili alizoziweka mwishoni mwa majuzuu ni miongoni mwa sababu zinazotufanya tujue Biblia ile ilikuwa tayari kufikia wakati huo. Kwa hiyo, kabla ya kwenda popote, funua hadi mwisho wa kila juzuu na usome nyekundu ya mwisho.

Hatua ya tatu: tambua ni nyekundu ipi

Rangi kuu ni tatu. Ya kwanza ni zingefuri, mchanganyiko wa zebaki na salfa, ama ikichimbwa ardhini, hasa Almadén nchini Hispania, ama ikitengenezwa kwa kupasha moto viungo hivyo viwili. Ni nyekundu nzito, iliyokolea. Ya pili ni nyekundu ya risasi, inayopatikana kwa kupasha moto rangi nyeupe ya risasi. Hii huelekea rangi ya chungwa na ilikuwa ya bei nafuu zaidi. Ya tatu ni ngeu, ule udongo mwekundu wenye chuma, ambao huwa na weusiweusi wa hudhurungi na haubadiliki kwa karne nyingi. Kando ya hizi kulikuwa na nyekundu za mimea na wadudu, zenye kung'aa na kupenyeza mwanga, lakini hizo zilitumika zaidi katika picha.

Rangi ilisagwa juu ya jiwe, ikachanganywa na ute mweupe wa yai uliopigwa na kuachwa utulie, au na gundi ya mgunga. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika karibu mwaka 1400, aliwaonya wenzake wanunue zingefuri ikiwa bado bonge, wala si unga, kwa kuwa wauzaji walichanganya unga na nyekundu ya risasi au vumbi la matofali. Na akaongeza kwamba hata ukiisaga kila siku kwa miaka 20 itazidi kuwa nzuri tu. Ushauri huo una faida kwa msomaji wa leo, kwa maana unaonyesha kwamba nyekundu moja kwenye ukurasa inaweza kuwa na vitu viwili ndani yake.

Macho hayatoshi kuthibitisha, na picha ya mtandaoni haitoshi kabisa, kwa sababu rangi yake hutegemea kamera na kioo chako. Maabara hutumia miale ya eksirei na leza kutambua zebaki au risasi bila kugusa jani. Unachoweza kusema mwenyewe ni hiki: palipo na rangi ya chungwa iliyogeuka kijivu au nyeusi kwa madoa, fikiria risasi kwanza, ijapokuwa zingefuri nayo huweza kugeuka nyeusi kwa mwanga. Andika "huenda", usiandike "ni".

Anayetaka kuuelewa wino huu kwa mikono yake afanye jaribio salama, bila zebaki wala risasi. Saga ngeu kwa maji hadi usisikie tena mchanga chini ya jiwe, ongeza gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, tone baada ya tone, kisha andika kwa kalamu ya unyoya au ya mwanzi na uache pakauke. Ukipitisha kitambaa na unga ukatoka, gundi haijatosha. Maandishi yakipasuka na kung'aa mno, gundi imezidi. Utaona mara moja kwamba wino huu hukaa juu ya ukurasa, tofauti na wino mweusi wa chuma na vinundu vya mti wa mwaloni unaoingia ndani ya ngozi. Ndiyo maana nyekundu ya miswada hukwaruzika, na ndiyo maana wakati mwingine huacha alama hafifu kwenye ukurasa unaotazamana nao. Alama kama hiyo isipolingana na herufi ya ukurasa wa mbele yake, yawezekana kuna jani limepotea katikati.

Hatua ya nne: panga nyekundu kwa kazi zake

Sasa vuta picha karibu, na kila wekundu unaouona upe kazi. Vichwa vya mwanzo na mwisho wa matini ni rahisi kutambua, kwa kuwa hubeba maneno "incipit" na "explicit", yaani panaanza na panaishia. Maelekezo ya ibada huwa mafupi na yaliyokatwa: "Ant." kwa antifona (kiitikio cha zaburi), "Ps." kwa zaburi, "Cap." kwa somo fupi, "Oratio" kwa sala, na herufi V na R zenye mkato kwa kiongozi na waitikiaji. Katika misale, yaani vitabu vya Misa, msalaba mdogo mwekundu katikati ya maneno meusi unamwambia padre afanye ishara ya msalaba hapo hapo. Anayehudhuria Misa leo na kutazama misale ya altareni bado ataona utaratibu huo: nyeusi ni ya kusemwa, nyekundu ni ya kutendwa.

Kisha kuna wekundu usio na maneno. Mstari mdogo uliogusa herufi kubwa nyeusi mwanzoni mwa sentensi humsaidia msomaji kuona sentensi inaanzia wapi. Alama za aya, ambazo tangu mwishoni mwa karne ya 12 mara nyingi hupokezana nyekundu na buluu, hugawa hoja. Katika vitabu vya ufafanuzi, mstari mwekundu chini ya maneno humaanisha kwamba hayo ni maneno ya Maandiko, na yanayofuata bila mstari ni ya mfafanuzi. Ukiukosa mstari huo unaweza kumnukuu mwalimu wa Paris ukidhani unamnukuu Mtume Paulo, na kosa hilo ni zito. Yako pia mapambo halisi: ukurasa wa mwanzo wa Luka katika Injili za Lindisfarne, za mwanzoni mwa karne ya 8, una zaidi ya nukta nyekundu 10,000 kuzunguka herufi zake, na kazi yake ni uzuri.

Ondoa wazo moja linaloletwa na Biblia za siku hizi. Kuchapa maneno ya Yesu kwa wekundu kulianzishwa na mchapishaji Louis Klopsch huko New York mwaka 1899. Ukikuta nyekundu katika Injili ya Zama za Kati, usidhani kwamba ndiyo maneno ya Bwana. Iliyo kawaida katika Injili za kale ni namba za pembeni: namba ya sehemu kwa wino mweusi, na chini yake namba nyingine kwa nyekundu, kuanzia 1 hadi 10. Mpango huo ni wa askofu Eusebio wa Kaisaria, wa karne ya 4. Namba nyekundu inakutuma kwenye jedwali lililoko mwanzoni mwa kitabu. Jedwali la 1 linakusanya habari zilizomo katika Injili zote nne, la 10 lina habari zilizomo katika moja tu. Sehemu ya kwanza ya Mathayo, kwa mfano, ina 3 nyekundu, kwa kuwa jedwali la tatu linailinganisha na Luka na Yohana.

Hatua ya tano: isome kalenda

Hapa ndipo penye mavuno makubwa, na ningependa utumie muda mrefu zaidi hapa kuliko mahali pengine popote.

Kila mwezi huanza na KL kubwa, kifupisho cha siku ya kwanza ya mwezi kwa hesabu ya Kirumi. Safu ya kushoto ina namba za Kirumi kati ya I na XIX, zikiwa na mapengo. Hizo ni namba za dhahabu za kukadiria mwezi mwandamo katika mzunguko wa miaka 19. Safu ya pili ina herufi a hadi g zinazojirudia kwa ajili ya kupata Jumapili. Safu ya tatu ni hesabu ya siku, na mwisho ni jina la mtakatifu au sikukuu. Siku za kawaida ni nyeusi, siku kubwa ni nyekundu.

Chukua Januari. Siku ya 1, Kutahiriwa kwa Bwana, na siku ya 6, Tokeo la Bwana, zitakuwa za heshima katika kalenda yoyote ya Ulaya Magharibi, kwa hiyo hazikusaidii kujua mahali. Vivyo hivyo kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, Petro na Paulo tarehe 29 Juni, Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria tarehe 15 Agosti na Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Ziandike, kisha ziache. Unachotafuta ni nyekundu isiyotarajiwa: Geneviève tarehe 3 Januari na Denis tarehe 9 Oktoba huelekeza Paris, Romain tarehe 23 Oktoba huelekeza Rouen, Thomas Becket tarehe 29 Desemba huelekeza Uingereza. Ikiwa jina la Becket limekwanguliwa, umepata ziada, kwani Mfalme Henry VIII aliamuru mwaka 1538 jina hilo lifutwe vitabuni, na kitabu chako bila shaka kilikuwa Uingereza wakati huo.

Jihadhari na kalenda za kifahari za Paris zinazopokezana nyekundu na buluu siku kwa siku ili ukurasa upendeze. Humo sikukuu kubwa huandikwa kwa dhahabu, na nyekundu imeshuka cheo ikawa rangi ya siku za kawaida. Tafuta daima rangi adimu zaidi kwenye ukurasa; hiyo ndiyo yenye cheo.

Hatua ya sita: hakikisha kwa Saa za Bikira Maria

Kalenda ikikuambia mji, iulize sehemu nyingine ya kitabu. Tafuta maneno mekundu "Ad primam" na "Ad nonam", yaani Saa ya kwanza na ya tisa. Chini ya kila moja tafuta "Ant." nyekundu na "Cap." nyekundu, kisha soma maneno meusi mawili au matatu yanayofuata. Katika taratibu ya Roma, saa ya kwanza ina "Assumpta est" na "Quae est ista", na ya tisa ina "Pulchra es" na "In plateis". Katika ile ya Paris, saa ya kwanza ina "Benedicta tu" na "Felix namque", na ya tisa ina "Sicut lilium" na "Per te dei". Miji mingine ilikuwa na michanganyiko yake, na wataalamu wameiorodhesha.

Kalenda na Saa zisipokubaliana, usiamue haraka kwamba kuna kosa. Karakana za Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, ziliandika vitabu vingi kwa taratibu ya Salisbury ili viuzwe Uingereza. Nyekundu inakuambia kitabu kilikusudiwa kutumika wapi. Mahali kilipotengenezwa huonekana kwenye mwandiko, picha na ngozi.

Nje ya Kilatini

Hatua hizi hazihami moja kwa moja kwenda kwenye tamaduni nyingine. Katika miswada ya Ethiopia iliyoandikwa kwa Kigeez juu ya ngozi, nyekundu hupewa majina: la Mungu, la Maria, la mtakatifu wa kitabu, na hata la mtu aliyegharimia unakili. Mistari ya mwanzo wa matini huandikwa kwa kupokezana nyekundu na nyeusi, na nukta za kutenganisha vifungu hufanywa hivyo hivyo. Humo, basi, anza kwa kukusanya majina mekundu, nawe utapata mwenye kitabu.

Katika misahafu ya mwandiko wa Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, nukta nyekundu juu, chini na kando ya herufi ni irabu, na kuziacha ni kuacha sehemu ya usomaji. Katika vitabu vya elimu, matni, yaani maneno ya asili, mara nyingi huwa nyekundu, au huwekewa mstari mwekundu juu yake, na sharhe, yaani ufafanuzi wake, huwa nyeusi. Pwani yetu nayo ina urithi wake, ingawa ni wa baadaye: misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, ilipambwa kwa nyekundu, nyeusi na manjano. Swali la kuuliza mbele ya msahafu wa Siyu ni lile lile la hatua ya nne, yaani kila wekundu unafanya kazi gani, lakini majibu yatoke kwenye msahafu wenyewe.

Hatua ya saba: andika ulichoona

Fanya hivi ukiwa bado mbele ya ukurasa, kwa sababu kumbukumbu ya rangi hupotea upesi. Taja namba ya jani na upande wake, wa mbele au wa nyuma, kabla ya jambo lolote. Nakili maneno mekundu kama yalivyo, pamoja na vifupisho vyake, na utie alama palipofutika. Eleza kama mkono ulioandika nyekundu ndio ulioandika nyeusi, ukilinganisha herufi a, g na d, kwani hizo hutofautiana sana kati ya mnakili na mnakili. Taja nafasi zilizobaki tupu na vidokezo vilivyosalia ukingoni. Orodhesha siku zote zenye rangi ya cheo katika kalenda, mwezi kwa mwezi, hata zile zinazopatikana kila mahali, maana atakayesoma maandishi yako baadaye anaweza kutambua mtakatifu wa mji ambao wewe hukuujua. Mwishowe taja kama uliona kitabu chenyewe au picha yake, na kama ni picha, ya maktaba ipi.